Jua Halikupatwa na Neno Lolote

Jumapili tarehe 3 Novemba 2013, siku moja baada ya kuwaombea Marehemu wote, mwezi ulifunika sehemu kubwa ya jua juu ya Bukavu. Tena Jumapili tarehe 7 Septemba 2025, tangu saa 1 na nusu ya usiku hata karibu saa 3, mwezi mpevu uliingia katika kivuli cha dunia na kuwa mwekundu kama tofali. Siku zote mbili zilijulikana miaka mingi mbele, hata dakika zake. Nawauliza: katika parokia yenu, nani alizitangaza? Baada ya Misa tunatangaza ndoa, tunatangaza salongo, tunatangaza mchango wa mabati. Habari ya jua na mwezi tunawaachia wengine. Nao wanaitangaza kwa namna yao.

Hata lugha yetu inatudanganya kidogo. Twasema “jua limepatwa”, kama mtu aliyepatwa na ugonjwa au na adui. Lakini jua halipatwi na neno lolote. Sisi ndio tuliosimama kivulini.

Wako wanaosema: “Afadhali kuogopa, hofu ni adabu mbele ya Mungu.” Mimi nasema sivyo. Hofu ya namna hii ni mlango ulioachwa wazi usiku, na mwizi ataingia. Sikilizeni habari ya mwaka 1504. Christopher Columbus alikwama katika kisiwa cha Jamaika, na wenyeji walikuwa wamechoka kumlisha yeye na mabaharia wake. Alikuwa na kitabu cha hesabu za nyota, akajua kwamba tarehe 29 Februari mwezi utapatwa. Akawaambia wenyeji kwamba Mungu amewakasirikia na ataficha mwezi. Ulipotiwa giza, watu wale wakaleta chakula kwa haraka. Columbus alikuwa Mkatoliki kama sisi, lakini siku ile alilitaja jina la Mungu kwa uongo, ili apate kushiba.

Yeye amekufa zamani, lakini wanafunzi wake ni wengi. Mmoja anauza hirizi, mwingine anauza maombi, mwingine anatafuta mtu wa kushtaki. Mvua ikichelewa, wanasema: “Fulani ameifunga.” Na huyo fulani ni nani? Mara nyingi ni bibi mzee, mjane, asiye na mtoto wa kumtetea. Mwaka 2021, katika jimbo letu la Kivu Kusini, wanawake walioitwa wachawi waliuawa, wengine kwa moto. Sisemi kwamba waliuawa kwa sababu ya mvua. Nasema kwamba anayezoea kumtafuta mkosaji wa kila jambo la mbinguni, kesho atampata jirani.

Basi tujifunze. Usiku washa taa moja mezani: ndiyo jua. Kichwa chako ni dunia. Shika chungwa kwa mkono ulionyoshwa: ndilo mwezi. Geuka polepole. Chungwa likiwa upande wa taa, upande unaouona ni giza: huo ni mwezi usioonekana, mwanzo wa mwezi mpya. Ukiipa taa mgongo, unaliona chungwa lote jeupe: mwezi mpevu. Taa haikuzimika hata kidogo, wala chungwa halikukatwa. Mwezi wa mbinguni hufanya hivyo kwa siku 29 na nusu.

Sasa shusha mkono hata chungwa lifike mbele ya taa kabisa. Taa imefichwa: hapo jua “limepatwa”. Geuka tena, kivuli cha kichwa chako kiliangukie chungwa: hapo mwezi “umepatwa”. Lakini ukiinua mkono kidogo, chungwa linapita juu ya kivuli. Ndiyo sababu mambo haya hayatukii kila mwezi: njia ya mwezi imeinama digrii 5 hivi, nao mara nyingi hupita juu au chini.

Na mvua je? Dunia imeinama digrii 23 na nusu hivi, nayo huzunguka jua kwa mwaka bila kuacha mwinamo wake. Bukavu iko kusini ya ikweta, digrii 2 na nusu tu. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba, saa 6 mchana, jua liko juu ya vichwa vyetu. Fimbo iliyosimama wima karibu haina kivuli. Mwezi wa Juni kivuli chake kinaangukia kusini, mwezi wa Desemba kaskazini. Ukanda wa mvua hulifuata jua. Jua likienda kaskazini, mvua nayo inakwenda huko, nasi tunapata kiangazi, Juni hata Agosti. Jua likirudi, mvua inarudi. Wala si kwamba kiangazini jua limetukaribia: mapema Julai dunia iko mbali na jua kuliko siku zote za mwaka. Bibi yule jirani hakufunga kitu.

Mtu atanijibu: “Je, siku alipokufa Bwana wetu, jua halikutiwa giza?” Ndiyo, lakini fikiri. Pasaka ya Wayahudi ni wakati wa mwezi mpevu, na mwezi mpevu uko upande wa pili wa dunia, hauwezi kulifunika jua. Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliliona hilo katika karne ya 13, akaandika kwamba giza lile halikuwa la desturi. Basi, asiyeijua desturi ya jua hawezi hata kuutambua muujiza. Naye nabii Yeremia aliwaonya Waisraeli wasizihofu ishara za mbinguni kama mataifa wanavyozihofu.

Hofu moja tu ni ya haki. Usilitazame jua kwa macho matupu, hata likibaki kipande chembamba. Linaunguza ndani ya jicho bila maumivu, na mtoto hajui mpaka ameharibika. Mwezi uliopatwa, utazame upendavyo.

Tarehe 2 Agosti 2027 mwezi utafunika jua lote kule Misri. Karibu na Luxor giza litadumu zaidi ya dakika 6. Redio zitasema, simu zitasema, na waongo nao watasema. Enyi makatekista na walimu, semeni kwanza. Chungwa na taa vinatosha. Mungu aliyeweka saa hii kubwa mbinguni hakuificha. Ni aibu yetu tukiwaacha walaghai peke yao waisome.