Ruzuku Si Sadaka

Afunguaye kamusi atakuta kwamba neno "ruzuku" na neno "riziki" ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yana asili ya Kiarabu. Likiwa kitenzi, kuruzuku ni kumjalia kiumbe chakula na mahitaji yake, na aghalabu anayetenda hivyo ni Mwenyezi Mungu. Ndipo wahenga wakanena: mpewa hapokonyeki. Katika lugha ya serikali, hata hivyo, neno hilo hilo hutaja fedha za umma zinazopunguza bei ya bidhaa. Makala haya yanashikilia kwamba maana ya kwanza ingali hai ndani ya ile ya pili, na kwamba hasara yake humwangukia mkulima.

Longisa, katika Kaunti ya Bomet, ipo kwenye barabara itokayo mjini Bomet kuelekea Mulot na Narok. Upande mmoja ni nchi ya chai. Upande wa pili ni mashamba ya ngano ya Narok. Mkulima wa eneo hilo, awe wa chai, mahindi au ngano, aliyaonja makali ya mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipochangia kupaisha bei ya mbolea. Septemba mwaka huo, serikali mpya ilitangaza magunia milioni 1.4 ya mbolea ya ruzuku, kila gunia la kilo 50 likiuzwa kwa shilingi 3,500 badala ya zaidi ya 6,000. Mwaka 2023 bei iliteremshwa hadi shilingi 2,500.

Afueni hiyo haikuwa haba. Hata hivyo, hesabu yake yafaa kutazamwa. Ikiwa umma unachangia shilingi 2,500 katika kila gunia, mwenye kishamba anayenunua magunia mawili amepunguziwa shilingi 5,000. Mwenye mashamba mapana ya ngano anayenunua magunia 200 amepunguziwa shilingi 500,000. Wote wawili huitwa "wanufaika". Nazo fedha hizo ni za kodi, ikiwamo ile anayotozwa mwenye kishamba huyo anunuapo sabuni au salio la simu. Anayepokea ndiye pia anayetoa.

Mnamo Machi na Aprili 2024, ilibainika kwamba baadhi ya mbolea iliyouzwa kupitia bohari za Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao ilikuwa ghushi. Mwezi Mei, Bunge la Kitaifa lilijadili hoja ya kumwondoa Waziri wa Kilimo, Mithika Linturi. Kamati teule ikaamua kwamba tuhuma hazikuthibitishwa. Lakini msimu haungoji kamati. Aliyeitia mbolea hiyo shambani alikwisha kupoteza mvua ya masika pamoja na fedha zake.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora ufaao na ya kufidiwa anapopata hasara. Mkulima alilipa, kwa hiyo alikuwa mnunuzi. Ila mtu aliyezoeshwa kujiona amekirimiwa huona haya kudai. Hushukuru, au hunyamaza.

Yupo atakayesema kwamba mwizi wa mbolea hahitaji kamusi. Ni kweli, si neno lililoghushi mbolea. Hata hivyo, neno humpangia nafasi yule aliyeibiwa: ama asimame kama mdai, ama apige magoti kama mwombaji.

"Ruzuku" limekwisha kuota mizizi, na si lazima ling'olewe. Linalowezekana, na ambalo ni wajibu wa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, ni kulifafanua redioni, katika vitabu vya shule na katika tafsiri za matangazo ya serikali: nani analipa, kiasi gani, na nani ana haki ya kulalamika mambo yanapokwenda mrama. Riziki ya Mungu haina risiti. Ruzuku ya umma inayo, na mkulima wa Longisa anastahili kuisoma kwa lugha anayoielewa.