Saratani ya Koo Si ya Namna Moja

Watu wawili huweza kulazwa wodi moja, wote wakiwa na saratani ya koo, wakatibiwa kwa miale na dawa zile zile. Mmoja akapona, mwenzake akazidiwa. Jamaa husema ni bahati. Lakini si bahati pekee.

Saratani inayoota kwenye mafindo au kwenye shina la ulimi huletwa hasa na mambo mawili. La kwanza ni tumbaku, hasa ikiandamana na pombe. La pili ni virusi viitwavyo HPV, ndivyo hivyo viletavyo saratani ya mlango wa uzazi. Ili kuzitofautisha, daktari hukata kinofu cha uvimbe na kukipeleka maabara. Huko hutafutwa protini iitwayo p16. Chembechembe zilizovamiwa na HPV huwa zimejaa protini hiyo, na zikishapakwa dawa huonekana za rangi ya kahawia chini ya hadubini.

Kujua haya kuna faida gani? Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 2010 ulionyesha kwamba baada ya miaka 3, wagonjwa 82 katika kila 100 wenye saratani ya HPV walikuwa hai. Kwa wale wasio na virusi hivyo, walikuwa 57 tu. Nao wavutaji sigara wa miaka mingi, hata wenye HPV, hali yao ilikuwa mbaya zaidi.

Hata hivyo, usikimbilie kuomba upunguziwe dawa. Mwaka wa 2018 majaribio mawili yalionyesha kwamba wenye HPV waliopewa setuksimabu badala ya sisplatini, dawa ya zamani, walikufa kwa wingi zaidi, na wala madhara hayakupungua.

Basi ukiona uvimbe shingoni, kidonda kinywani au sauti iliyokwaruza kwa zaidi ya majuma 3, mwone daktari, hata kama huumwi. Ukikatwa kinofu, uliza kama p16 imepimwa. Ikiwa wavuta sigara, acha, hata kama umekwisha kuugua. Na usimnyime bintiyo chanjo ya HPV, ambayo hapa Kenya ilianza kutolewa kwa wasichana wa miaka 10 mnamo 2019.

Mficha maradhi, kifo humuumbua.