Mji Nao Unahitaji Ngitili

Upo usemi mmoja ambao umekuwa kama sala katika vibaraza vya Mwanhuzi: "Mji wetu bado mdogo." Ukiuliza mitaro ya maji ya mvua iko wapi, utajibiwa kuwa mji bado mdogo. Ukiuliza taka zetu zitatupwa wapi miaka kumi ijayo, au tutazikana wapi, jibu ni lile lile. Nimeusikia kwa viongozi na kwa raia, kwa wasomi na kwa wasiojua kusoma, nami nimeuchoka. Wilayani Meatu sijui uongo unaotugharimu kuliko huu, kwa sababu umevaa sura ya ukweli.

Ni kweli mji wetu ni mdogo. Lakini mji mdogo ndio wa kupangwa. Mji ukishakuwa mkubwa haupangwi tena, hubomolewa.

Sisi tuliopita vyuo vya ualimu na kukaa ofisi za shule tunaijua hesabu hii. Mwalimu mkuu mwenye akili hangoji Januari, watoto wakiwa wamejaa mlangoni, ndipo aanze kutafuta madawati. Mtoto aliyezaliwa mwaka huu atafika darasa la kwanza baada ya miaka sita hivi. Ukimhesabu leo, unayo miaka sita ya kufyatua tofali. Ukimsubiri, atasomea chini ya mti.

Sasa tazama hesabu ya mkoa. Sensa ya 2012, mwaka ambao Mkoa wa Simiyu ulizaliwa, ilikuta watu 1,584,157. Sensa ya 2022 ikakuta 2,140,497. Ni nyongeza ya watu 556,340 katika miaka kumi, yaani kila watu 100 wameongezewa wengine 35. Kwa mwendo huo, idadi huwa maradufu katika miaka 23 hivi. Wengi wa hao hawatabaki mashambani na majembe. Mashamba ya pamba hayaongezeki, malisho yanapungua, na daraja la Mto Sibiti limetuunganisha na Mkalama na Singida nzima. Watakuja mjini. Wengine wamekwisha kuja.

Wako wanaosema kuwa mipango miji ni mambo ya kizungu, ati sisi tuna desturi yetu ya kujenga pale moyo unapopenda. Hao nawauliza: Je, mmesahau ngitili? Wazee wetu Wasukuma walikuwa wakitenga eneo la majani wakati wa masika, nyasi zikiwa tele na hakuna aliyekuwa na njaa ya malisho. Ng'ombe hawakuruhusiwa kuingia humo. Kiangazi kilipokaza, ndipo lilipofunguliwa, na mifugo ikapona. Mradi wa HASHI ulipoanza mwaka 1986 kuokoa ardhi ya Shinyanga, mkoa ambao nasi Meatu tulikuwa ndani yake, haukuja na uganga mpya. Uliwahimiza watu warudie ngitili za babu zao. Huo ndio upangaji: kutenga wakati wa neema kwa ajili ya wakati wa dhiki. Ngitili haitengwi Septemba.

Mji nao una ngitili zake. Ni upana wa barabara, njia ya maji ya mvua, uwanja wa shule, eneo la soko, makaburi, dampo na mahali pa kumwaga maji machafu. Leo maeneo hayo yanaonekana kama mapori yasiyo na mwenyewe, na kila mjanja anayamezea mate. Shule moja niliyoiongoza ilikatwa pembe ya kiwanja chake, ikagawanywa kuwa viwanja vya nyumba. Nilipopinga niliambiwa kwamba watoto bado wachache na uwanja ni mkubwa mno. Darasa lililohitajika baadaye lilijengwa katikati ya uwanja wa mpira. Watoto wakapata pa kusomea, wakakosa pa kuchezea.

Jambo linalonikosesha usingizi zaidi ni maji. Mji huu umenyweshwa na bwawa la Mwanyahina, na kila mwenyeji anajua kiangazi kinavyotutesa. Mradi mkubwa wa kuleta maji ya Ziwa Victoria katika wilaya za Simiyu uliidhinishiwa fedha na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2017, na Meatu imo katika mpango wake. Tunaushangilia, na tuna haki. Lakini nani anauliza maji yakishatumika yataenda wapi? Mama anayebeba ndoo mbili kichwani hana maji ya kumwaga ovyo. Mpe bomba, atafua, ataoga, atajenga choo cha kuvuta. Maji yote yaliyoingia lazima yatoke. Pasipo mtaro yatatuama uani, yatajaza vyoo vya shimo na kuingia visimani. Simiyu ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyopigwa na kipindupindu mwanzoni mwa 2024. Somo gani zaidi tunangoja?

Tusiojifunza kwetu tujifunze kwa jirani. Nendeni Mwanza mkatazame milima ya Igogo na Mabatini, nyumba zilivyopanda juu ya mawe hata gari la kunyonya choo halina pa kupita. Dar es Salaam, mafuriko ya Desemba 2011 yalipowakumba watu wa mabondeni, Serikali ilianza kuwahamishia Mabwepande. Kila mji huo uliwahi kuwa mdogo.

Watasema hakuna fedha. Nakubali kuwa halmashauri zetu ni maskini, na zina historia ya kunyongwa. Mwaka 1972 tulielekea kuzifuta serikali za mitaa. Huduma za miji zikadorora hata ikabidi halmashauri za miji zirudishwe 1978, na za wilaya zikafuata kwa sheria za 1982. Tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa tunaponunua umeme wa LUKU. Ni njia nyepesi ya kukusanya, lakini kodi ambayo mlipaji haioni, haiulizii. Aliyekatwa kimyakimya hakumbuki kumwuliza diwani wake mtaro uko wapi.

Hata hivyo, vigingi vya kupimia barabara ni rahisi kuliko fidia ya nyumba hamsini. Wenye mashamba pembezoni mwa mji watapoteza kipande, na haki yao lazima ilindwe. Lakini sehemu inayobaki ikiwa na barabara itakuwa na thamani kuliko shamba zima lisilofikika.

Basi, ndugu msomaji wa Mwanhuzi, katika mkutano ujao wa kitongoji chako usiombe bomba wala taa. Omba ramani. Uliza barabara zitapita wapi, maji machafu yataelekea wapi, shule ya tatu na ya nne zitasimama wapi, na nani atalinda maeneo hayo yasiuzwe. Wakikosa ramani ya kukuonyesha, hakikisha imeandikwa katika muhtasari wa mkutano kwamba uliuliza, na mkutano unaofuata uulize tena.