KAZI ZA MIKONO: Sumaku Ndogo na Adui Yake



Mwaka jana wakati wa likizo vijana watatu wa jirani walinijia, wakaomba tutengeneze mfano wa meli Liemba, ile ya Ziwa Tanganyika. Tulitumia mbao laini, mabati ya makopo na rangi. Ili sitaha ya juu iweze kufunguliwa na watu waone vyumba vya ndani, tuliishikiza kwa sumaku nane ndogo zing'aazo, kila moja na upana wa kifungo cha shati.

Tulijisifu sana. Lakini masika yalipokwisha, sitaha ikawa haishiki tena. Nilipoiinua nikaona sumaku mbili zimevimba na kupasuka. Ya tatu imekuwa unga wa kijivu. Ya nne haikuwapo kabisa, limebaki ganda lake jembamba kwenye gundi. Tuliitafuta kila mahali. Kumbe ilikuwa mkononi mwa mtoto wa miaka miwili, mdogo wa mmoja wa vijana hao, naye alikuwa akiipeleka kinywani.

Tulipokwisha kumnyang'anya, kaka yake akaniuliza: "Mwalimu, sumaku ya spika ya redio ya babu imekaa jikoni miaka mingi, wala haina kutu. Mbona hizi mpya zimeoza?"

Swali lake ni zuri, na nyumba nyingi lingefaa kuulizwa.

Sumaku nyeusi iliyo katika spika nyingi za redio huitwa feriti. Hutengenezwa kwa unga wa kutu ya chuma, ukachanganywa na madini mengine na kuchomwa kwa moto mkali, kama mfinyanzi achomavyo chungu. Chuma chake kimekwisha kupata kutu tangu mwanzo, basi maji hayana la kukifanya. Ikianguka huvunjika, lakini haiozi.

Hizi ndogo zing'aazo ni za ukoo mwingine. Zilitangazwa mwaka 1983 na wataalamu wa Japani na wa Marekani, kila kundi likiwa limefanya kazi yake peke yake. Kwa uzito, kama theluthi mbili ni chuma. Sehemu kubwa ya theluthi iliyobaki ni madini yaitwayo neodimi, na boroni kidogo sana. Nguvu zake huishinda feriti ya ukubwa uleule mara nyingi, ndiyo sababu zimo katika simu na spika ndogo za masikioni.

Lakini neodimi haipatani na maji. Itazameni sumaku hiyo kama ukuta wa matofali: chembe zake ndizo matofali, na katikati yake mna udongo wa kuyashika, wenye neodimi nyingi zaidi. Unyevu ukiingia hula kwanza ule udongo. Matofali yangali mazima, lakini hakuna kinachoyashika, na ukuta wote humomonyoka. Kwa hiyo kiwandani huzivika nikeli, kisha shaba, kisha nikeli tena. Vazi hilo lote unene wake ni kama sehemu 1 au 2 tu za milimita iliyogawanywa mara 100.

Sasa nakiri kosa langu. Chuoni tulifundishwa kukwaruza mbao kwa msasa ili gundi ishike. Nami nikazikwaruza sumaku vivyo hivyo, kisha nikatia gundi nyeupe ya mbao, ambayo ina maji ndani yake. Yaani nilimvua mtu shati, nikamfunika blanketi bichi.

Basi, mwenye kutengeneza mifano afanye hivi:

1. Asiikwaruze sumaku, asiikate wala kuitoboa. Aifute mafuta kwa spiriti na kuikausha vizuri.

2. Atumie gundi ya kuchanganya, ile ya mirija miwili. Asitumie gundi ya maji, wala ile ya mpira yenye harufu ya siki, kwa maana asidi yake hula chuma.

3. Aizungushie sumaku gundi hiyo pande zote, hata usoni. Tabaka jembamba la vanishi au rangi ya kucha lafaa pia usoni. Nguvu itapungua kidogo tu.

4. Akiona vazi limevimba au limepasuka, aing'oe mara moja na kutia nyingine. Kupaka rangi juu ya kutu ni kuifungia adui ndani.

Neno kubwa kuliko yote ni kwa wazazi. Sumaku iliyolegea huokotwa na mtoto. Akimeza mbili, moja sasa na nyingine baadaye, zitatafutana tumboni na kuubana utumbo katikati mpaka utoboke. Mwanzoni mtoto aweza kuonekana mzima. Mkishuku amemeza, msimpe dawa ya kuharisha, wala msingoje zitoke zenyewe. Mpelekeni hospitali saa ile ile.

Liemba yenyewe ina fundisho. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isitwaliwe na adui, lakini kwanza mafundi wao walizipaka injini zake grisi nene. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, injini zilikuwa bado zafaa, na mwaka 1927 meli ikaanza kazi tena. Miaka minane majini, na kilichoziokoa ni grisi tu iliyopakwa mapema.

Sisi tulizing'oa zote nane, hata zile zilizoonekana nzima, tukaanza upya. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Afadhali sisi tulijenga sitaha tu. Tazameni leo mifano na michezo ya watoto iliyomo nyumbani mwenu.