Bonge wa mbele haonekani mpaka skramu ianguke

Fanya jaribio hili kwenye grupu yenu ya WhatsApp. Uliza nani ni Collins Injera. Majibu yatakuja kabla hujaweka simu chini: trai 279 kwenye msururu wa dunia wa raga ya wachezaji saba, ile Singapore ya 2016 tulipowalima Fiji 30-7 kwenye fainali, legendari. Sasa uliza nani anavaa jezi nambari 3 ya Simbas, timu yetu ya wachezaji kumi na tano. Kimya. Mmoja atakimbia Google. Mwingine atauliza, kwani nambari 3 hufanya nini?

Swali poa, wacha tuanze hapo. Kwenye raga ya kumi na tano, kila timu inaingiza watu wanane kwenye skramu. Watatu wako mbele kabisa: propu nambari 1, huka nambari 2, propu nambari 3. Refa anatoa amri tatu, inama, shikana, ingia, halafu miili kumi na sita inagongana. Wenzako walio nyuma wanakusukuma, wapinzani mbele wanakusukuma, na wewe umebanwa katikati kama kachumbari kwenye smokie pasua. Ukifanya kazi vizuri, mpira unatoka nyuma, winga anachomoka, anafunga, anabebwa juu juu. Ukiteleza, skramu inaanguka, refa anapuliza, anakunyooshea kidole, na uwanja wote unajua nambari yako.

Wamarekani nao wana watu wa aina hiyo. Ile futiboli yao ya helmeti ina mabonge watano wanaosimama mbele ya kwotabaki kuzuia asiguswe. Hawafungi, mpira hawaugusi sana, na mara nyingi utasikia nambari yao ikitangazwa wakiadhibiwa kwa kushika mtu. Nitarudi kwao, kwa sababu kuna kitu wameelewa ambacho sisi bado.

Msimamo wangu ni huu: huku kwetu Dagoretti tuna vijana wakubwa wa mwili wenye kipaji, na tunakiua kipaji hicho kila mwaka, mwezi wa tano, kwa kalenda.

Nina binamu anayecheza nambari 3 katika shule moja upande wetu huu wa mji. Shule sitaitaja, jina lake pia sitalitaja, ana miaka kumi na sita na hajaniomba nimfanye staa. Alianza kama wengi wao: mwalimu alimwona kwenye laini ya githeri, akaangalia mabega, akamwambia aje uwanjani jioni. Majaribio yaliishia hapo. Hakuna aliyemuuliza kama anaipenda raga. Mtoto ni mkubwa, basi mtoto ni propu.

Januari ilikuwa noma. Nilienda kuona mechi yake ya kwanza, na yule jamaa aliyekabiliana naye alikuwa mdogo kwake kabisa, mtu wa kawaida tu. Lakini alijua kitu. Aliingia chini, akamwinua binamu yangu kifua, na mtu akishainuliwa kifua nguvu zake zote zinaishia hewani. Skramu baada ya skramu alirudi nyuma kama mkokoteni uliokosa breki. Usiku alilala na taulo la maji moto shingoni.

Ungesema hana nguvu. Alikuwa nazo za kutosha, hakujua tu pa kuzipitishia.

Februari akaanza kujifunza. Miguu ipanuliwe kiasi gani. Magoti yakunjwe vipi. Mgongo ulale kama meza, mabega yasishuke chini ya nyonga, macho yaangalie juu kidogo ili shingo isijikunje. Mkono wa kulia ushike jezi ya mpinzani mgongoni au ubavuni, usishike mkono wake wala kola. Avute pumzi kabla ya amri ya tatu, kwa sababu baada ya hapo hakuna hewa. Alirudia hivyo vitu na mwenzake mmoja jioni nzima, bila mpira. Mazoezi ya propu yanaboesha kutazama, wacha niseme ukweli, hata mimi nilikuwa nacheki simu.

Halafu Machi kuna mechi moja ambayo kipindi chote cha kwanza skramu yao haikurudi nyuma hata hatua. Haikwenda mbele pia. Ilisimama tu pale, imara, na wapinzani wakaanza kuangaliana. Walipoteza hiyo mechi na nimesahau alama. Nilichobaki nacho kichwani ni kwamba winga akiboreka unaona trai. Propu akiboreka unaona kitu ambacho hakikutokea: skramu haikuanguka, filimbi haikulia, mpira ulitoka safi. Nani atapiga video ya hiyo aweke mtandaoni?

Sasa angalia kilichofuata. Michezo ya shule za upili Kenya imepangwa kwa mihula. Muhula wa kwanza ni wa raga ya kumi na tano, pamoja na hoki, mpira wa vikapu na handiboli. Muhula wa pili ni soka, voliboli, netiboli na raga ya saba. Kwa hivyo msimu mzima wa propu ni zile wiki chache kati ya Januari na Aprili, ukitoa mitihani, ukitoa na zile siku anatumwa nyumbani kuleta karo. Mei ikifika, uwanja ni ule ule, kocha ni yule yule, lakini wanatafutwa vijana saba wepesi. Skramu ya saba ina watu watatu kila upande na inaisha kabla hujapiga chafya. Binamu yangu alipewa kazi ya kubeba maji.

Aliniambia kitu siku moja tukitoka Dagoretti Corner, bila hasira yoyote, kama mtu anayesoma ratiba: "Muhula wa kwanza naitwa propu. Muhula wa pili naitwa bonge."

Nimeifikiria hiyo sentensi sana. Mtoto mkubwa wa mwili mtaani ameitwa majina tangu darasa la kwanza. Kwenye matatu anaambiwa alipie viti viwili, na kondakta anacheka na gari zima. Mbele ya skramu ndipo mahali pa kwanza watu walimwambia mwili wake unahitajika. Halafu ukamnyang'anya hiyo kitu miezi minane.

Januari iliyofuata alirudi shingo imelegea na miguu imesahau. Ilimchukua mpaka karibu Machi kufika pale alipokuwa Machi ya mwaka uliopita. Piga hesabu: misimu minne ya shule, kila mmoja mfupi, na baada ya ule wa kwanza nusu ya kila msimu inaenda kwa kukumbuka. Wale wa Gredi ya 10 walioingia sekondari pevu Januari 2026, kundi la kwanza la mtaala mpya, wana miaka mitatu tu. Moja ya njia tatu wanazochagua ni Sanaa na Sayansi ya Michezo, kwa hivyo kwenye karatasi michezo imepanda cheo. Lakini mtoto atasomea sayansi ya michezo asubuhi na jioni abebe maji?

Kuna suala la usalama pia, na hapa sina mzaha. Mbele ya skramu ni mahali mtu anaweza kuumia shingo vibaya sana. Ndiyo maana sheria za raga duniani zinataka anayecheza mbele awe amefunzwa nafasi hiyo, na timu ikikosa watu kama hao, skramu inachezwa bila kusukumana. Kwa vijana wa chini ya miaka 19, hamruhusiwi kusukuma skramu zaidi ya mita 1.5. Sheria ziko. Swali ni nani anathibitisha kwamba huyu mtoto amefunzwa, saa kumi na moja jioni, mwalimu mmoja, wachezaji thelathini, filimbi moja na rundo la madaftari ya kusahihisha linamngoja. Mwalimu simlaumu. Kumfundisha propu ni kazi ya mtu mzima peke yake.

Na hapo ndipo Wamarekani wanaingia. Jordan Mailata ni jamaa wa Sydney mwenye urefu wa mita 2.03, alikuwa anacheza raga ya ligi. Mwaka 2018 Philadelphia Eagles walimchagua kwenye raundi ya mwisho kabisa, nambari 233, na hakuwa amewahi kucheza hata mechi moja ya futiboli ya Marekani. Unajua alicheza mechi ngapi za msimu 2018? Sufuri. 2019? Sufuri, mgongo ulimsumbua. Hawakumfukuza, na hakuna aliyemwambia abebe maji. Walimkabidhi kwa Jeff Stoutland, kocha ambaye kazi yake ilikuwa wale watano wa mbele, na wakasubiri. 2020 alianza mechi 10. 2021 akapewa nafasi ya kudumu na mkataba mnono. Februari 2025 alishinda Super Bowl, Eagles wakiwachapa Kansas City 40-22.

Ukisema huyo ni mzungu wa pesa nyingi (si mzungu, wazazi wake ni Wasamoa, lakini najua mtasema), basi mchukue Tendai Mtawarira, Beast, mzaliwa wa Harare. Alifika Sharks pale Durban akicheza nyuma ya skramu. Wakamgeuza propu. Alimaliza na mechi 117 za Springboks na Kombe la Dunia la 2019, fainali ambayo skramu ya Uingereza ilisagwa mbele ya dunia nzima na matokeo yakawa 32-12. Yeye pia hakuzaliwa propu. Alitengenezwa, na walichukua muda.

Sisi tulikuwa na Daniel Adongo. Mtoto wa Nairobi, raga ya Afrika Kusini na New Zealand, halafu 2013 Indianapolis Colts wakamsajili akiwa na miaka 23 bila kuwahi kucheza mchezo wao. Alicheza upande wa kuzuia mashambulizi, si ule mstari wa mabonge watano, na alionekana mechi chache tu kabla ya kuachiliwa 2015. Lakini Desemba 2013 aliingia uwanjani kwenye NFL, kitu ambacho watu wengi wa umri wangu hawajui kilitokea. Timu ya Marekani ilikuwa tayari kuubahatisha mwili wa Kenya. Shule zetu haziko tayari kuubahatisha kutoka Mei mpaka Desemba.

Najua hoja inayokuja: pesa ni kidogo, na Olimpiki ni raga ya saba tangu Rio 2016, kwa hivyo tuweke nguvu huko. Naielewa. Hata futiboli ya Marekani inaingia Los Angeles 2028 kwa namna hiyo hiyo: flagi, watano kila upande, unavuta kitambaa kiunoni badala ya kumwangusha mtu, na kuzuia kwa mwili hakuruhusiwi. Yaani mchezo uliojengwa juu ya migongo ya mabonge ulipata tiketi ya Olimpiki ukawaacha mabonge nyumbani. Sawa. Lakini tukifuata tiketi hiyo peke yake, tusishangae Kenya haijawahi kufuzu Kombe la Dunia la raga la wanaume hata mara moja. Kwa lile la 2027, Afrika ilikuwa na nafasi ya moja kwa moja, na Zimbabwe ndio waliichukua Kampala Julai 2025, baada ya kututoa sisi kwenye nusu fainali. Mechi kama hizo haziamuliwi na winga pekee. Dakika ya sabini, miguu imekwisha, mnahitaji watu wa mbele ambao wamefanya hii kazi miaka kumi bila likizo ya kubeba maji.

Kinachoniudhi zaidi ni jiografia. Tunakaa kando ya Ngong Road! Uwanja wa RFUEA uko pale, ndipo Safari Sevens ilipozaliwa 1996. Impala wako pale. Nondies wako Jamhuri Park. Lenana, shule yenye historia ndefu ya raga, iko barabara hiyo hiyo. Kutoka Dagoretti Corner mpaka RFUEA mtoto anatembea kwa miguu, hahitaji nauli. Sisemi klabu zifungue akademia yenye jengo na nembo. Nasema Jumamosi moja kwa wiki, Mei mpaka Desemba, propu mmoja mstaafu, mashine ya skramu ambayo hata hivyo inakaa bure asubuhi hiyo, na vijana wa mbele kutoka shule zote za hapa. Shingo, miguu, mgongo, kushika. Saa mbili tu. Na chakula, tafadhali, kwa sababu huu ni mtaa unaochinja nyama ya kulisha nusu ya Nairobi na mapropu wake wanakua kwa githeri.

Kama wewe ulicheza mbele, nambari 1, 2 au 3, klabu yoyote, na magoti bado yanakubali kuinama, niandikie kwenye inboksi. Binamu yangu ana wenzake wawili wa shule jirani. Saa hii wanasukumana wenyewe kwa wenyewe nyuma ya ploti, na hakuna hata mmoja wao anayeweza kuniambia kama wanachofanya na shingo zao ni sawa.