Kikombe cha kwanza kiwe cha mtoto

Mtoto anapolazwa kwa utapiamlo mkali, chakula cha kwanza tunachompa wodini ni maziwa maalumu yanayoitwa F-75. Akianza kupata nafuu tunamhamishia F-100. Yote mawili hutengenezwa kwa maziwa ya unga.

Siku moja nilimweleza hayo mama aliyetoka kijiji kimoja cha Kibondo. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: “Daktari, nyumbani tuna ng'ombe. Maziwa yote yanauzwa.”

Simlaumu. Fedha ya maziwa ndiyo inayonunua chumvi, sabuni na madaftari. Lakini mtoto wa Kibondo au Kasulu anayeshindia ugali wa muhogo hushiba tumbo tu. Protini ya kujenga mwili ni kidogo mno. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Udumavu huanza mapema, na mtoto akishapita miaka miwili ni vigumu kuurekebisha.

Rai yangu ni kwa akina baba, maana mara nyingi ninyi ndio mnaopanga maziwa yaende wapi: kabla dumu halijaenda kwa mnunuzi, toeni kikombe kimoja cha mtoto. Kwa nyumba isiyo na mfugo, dagaa wa Ziwa Tanganyika waliosagwa na maharage husaidia sana.

Yapo mambo ya kuzingatia. Chini ya miezi sita, mtoto apewe maziwa ya mama pekee, kisha aendelee kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Kuanzia miezi sita, maziwa ya ng'ombe yatiwe kwenye uji. Ya kunywa yasubiri atimize mwaka. Yachemshwe vizuri, kwani maziwa mabichi huweza kuleta kifua kikuu na brusela. Yasizidi nusu lita kwa siku, kwa sababu anayeshibia maziwa tu hukosa madini ya chuma na kupungukiwa damu. Chai ya maziwa msiihesabu.

Mtoto akivimba miguu, akikonda sana au akikataa kula, msijaribu kumtibu kwa maziwa ya nyumbani. Mleteni kituoni siku hiyo hiyo.

Yule mama aliruhusiwa na mwanawe anacheka. Ningefurahi zaidi kama kikombe kile angekipata nyumbani, kabla ya kulazwa.