Mlio nao una mwenyewe

Chizi wa maigizo yetu hutanguliwa na filimbi. Hajafungua mdomo, fundi mitambo ameshabonyeza mlio wa kuchekesha na ukumbi mzima umeangua kicheko. Anaumwa nini, hakuna anayejali, mlio umeshamhukumu. Na katika viti vile wamo waliomlaza ndugu yao katika hospitali ya akili ya Mirembe au Mathari, wamelipa kiingilio ili wakachekwe.

Jambo hili likome. Mwongozaji anayegombana na waigizaji juu ya kila neno la mswada, kisha milio akamwachia kijana wa mitambo aiokoteze jioni ya onyesho, amekwepa kazi yake.

Mfano wa kazi hiyo upo tangu 1947, ilipofunguliwa A Streetcar Named Desire ya Tennessee Williams katika ukumbi wa Ethel Barrymore, New York. Blanche, mhusika mkuu wa tamthilia hiyo, husikia polka iliyokuwa ikipigwa usiku ambao mumewe alijiua, mpaka mlio wa risasi uikatishe. Mitch, aliye naye chumbani, haisikii, naye anamshangaa. Watazamaji wanaisikia. Kwa hiyo anayeonekana kupayuka mbele ya Mitch, mbele yetu ni mjane aliyefiwa upya.

Mwaka 2014 ukumbi huohuo ulipokea The Curious Incident of the Dog in the Night-Time, iliyoanzia National Theatre, London, mwaka 2012. Mhusika wake mkuu, Christopher, mwenye miaka 15, anaingia kituo cha treni. Matangazo, magurudumu na makelele ya watu vinamwangukia kwa mpigo, na mtazamaji naye anatamani kuziba masikio. Hali inayomfanya aumizwe hivyo na kelele haikuhitaji kutajwa jina. (Mwaka huohuo wasimamizi wa tuzo za Tony, za maigizo ya Broadway, walitangaza kuifuta tuzo ya usanifu wa sauti, wakairejesha 2018. Kudharau mitambo si kosa letu peke yetu.)

Ila anayeumizwa kweli na kelele naye hukata tiketi. London huandaa maonyesho ambayo sauti hupunguzwa na mtu huruhusiwa kutoka na kurudi. Hapa hata karatasi ya tahadhari mlangoni hatubandiki, na karatasi si ghali.

Tunawataka viongozi wa vikundi wawaite mazoezini watu wanaoishi na hali wanazoziigiza, wawalipe, wawasikilize. Na kila mlio mwongozaji autolee maelezo: unasikika kwa sikio la nani, la mgonjwa au la wanaomcheka? Akikosa jibu, spika izimwe, mwigizaji aendelee kwa sauti yake.